Ametoka wodini salama, sasa tumsaidie kupata maneno

Ndugu, jamaa na marafiki,

Mtoto njiti akiruhusiwa kutoka wodini, sote hupiga vigelegele. Uzito umeongezeka, ananyonya, anapumua bila mashine. Kinachobaki hakionekani kwenye mizani: masikio na maneno.

Sisi ni kikundi cha wazazi tuliopitia huko. Tunaomba mchango wenu kwa mambo mawili: mashine ya kupima usikivu wa watoto wachanga, na malipo ya mtaalamu wa tiba ya usemi atakayewafuatilia watoto wetu mpaka waanze shule.

Tunaanza na masikio kwa sababu anayezaliwa kabla ya wiki 37 hutolewa mahali penye utulivu, palipokuwa na sauti ya mama, akaangukia penye ving'ora vya mashine. Baadhi hupewa dawa ya jentamaisini kwa ajili ya maambukizi. Wengine hupata manjano kali. Dawa hiyo inaokoa maisha na hatuilaumu, ila inaweza kudhuru usikivu, kama manjano nayo. Tunataka mashine inayofuata sauti mpaka kwenye shina la ubongo, si ile inayoishia sikioni tu. Sikio linaweza kuwa zima huku mshipa wa fahamu haufikishi sauti, na kipimo chepesi kikasema mtoto hana neno.

Maneno yana hesabu yake. Mimba kamili huhesabiwa wiki 40, hivyo aliyezaliwa wiki ya 28 amewahi kwa wiki 12. Akitimiza mwaka, tumtazame kama mtoto wa miezi 9. Wengi wetu hatukuambiwa hilo, tukakesha tukimlinganisha na wa jirani. Lakini hesabu hiyo hutumika mpaka kama miaka 2 tu. Baada ya hapo, "ataongea tu, hata baba yake alichelewa" ni faraja iliyotupotezea muda mwingi. (Tumeisema wenyewe, tena kwa kujiamini.) Njiti wengi huja kuongea vizuri kabisa. Wapo pia wanaosema maneno ya kwanza bila shida, kisha ugumu ukajitokeza darasani, pale wanapotakiwa kuelewa sentensi ndefu au kusimulia kisa kikafuatana. Huyo huitwa mvivu, au mtukutu, na hakuna anayekumbuka tena kwamba alizaliwa njiti. Ndiyo maana hatutaki mtaalamu wa kuja mara moja na kuondoka.

Kuna kazi isiyodai fedha, na hiyo tunafundishana wenyewe: kumweka mtoto kifuani ngozi kwa ngozi, njia ya kangaruu iliyoanzia Bogotá, Kolombia, mwaka 1978 inkubeta (mashine za kuwatunzia njiti joto) zilipokuwa hazitoshi, na kumsemesha angali wodini. Utafiti umeonyesha kuwa njiti waliosikia maneno mengi zaidi ya watu wazima wakiwa bado wodini walipata alama bora za lugha baadaye. Msemesheni hata kama hajibu. Mashine na mtaalamu ndivyo vinavyotushinda.

Mwenye kutoa sasa amkabidhi mweka hazina na adai risiti. Mwenye ahadi aiandikishe, hata kama ni ya kulipa kidogo kidogo. Kama wewe ni fundi wa vifaa vya hospitali, au umesomea tiba ya usemi, siku zako chache zitatufaa kama fedha. Mapato na matumizi yatasomwa mbele ya wachangiaji wote, na salio likiwepo litaingia kwenye malipo ya mtaalamu.