Mlango wa mjomba wako

Malindi, Unguja
Jumapili usiku

Sahibu yangu,

Assalaam aleikum. Sisi huku hatujambo, hofu ni kwako na baridi yenu hiyo. Barua yako ya kabla ya Ramadhani sijaijibu, najua, na leo naandika kwa kuwa nina shida. Unanijua. Mama anakusalimu. Kombo kapata mtoto wa kiume, kichwa kile kile cha babake. Mengine baadaye.

Mjomba wako kanipa kazi ya mlango. Ule ule. Anaoza bintiye mwezi ujao, ataka mlango ung'ae kama wa hoteli, na keshaazima mashine ya msasa. Nikamwomba wiki mbili niuchunguze kwanza. Akaniuliza, "Unaumwa?"

Basi nikafungua vidirisha vinne, kila kimoja ukubwa wa stempu, nikikwangua kwa kisu kidogo cha hospitali, miwani ya kukuzia puani. Kwenye mwimo wa kushoto nimehesabu tabaka saba. Vanishi ya juzi juzi, rangi ya kahawia, kijani (ile iliyokuwa ikituchafua kanzu tukiegemea, unaikumbuka?), kahawia nyingine, mafuta yaliyogeuka meusi, masizi na vumbi vilivyogandamana, na chini kabisa, ndani ya mikato ya nekshi, wekundu mkavu kama unga wa udongo. Mfaa, ule mti wa katikati, nao vivyo hivyo. Kupanda juu kwenye kizingiti, pale penye maandishi: vanishi, kahawia, kijani, kisha mti mtupu. Tatu tu.

Nikadhani macho yamechoka. Asubuhi nikapanda tena ngazi. Ule mnyororo uliochongwa pembezoni umekatwa katikati ya pete, kulia na kushoto, kama suruali iliyopunguzwa na mshoni mwenye haraka. Ulimi unaoingia kwenye mwimo umechongwa upya, na tundu lake limejazwa vijiti ili ubao usicheze. Sahibu, kizingiti kile hakikuzaliwa na mlango ule. Kimetoka nyumba nyingine, kikaja kupachikwa kabla ya kijani chetu.

Sasa utakuwa umeshafahamu ninakokwenda. Ile 1290 ya Hijria uliyoisoma pale juu, ukaiandikia ukurasa mzima kwenye tasnifu, zama za Sayyid Barghash na kadhalika, ni umri wa ubao. Wa mlango hatuujui. Sicheki. (Nilicheka jana, kidogo.) Kusoma hukukosea, maandishi ni hayo hayo. Ila ulisimama barazani ukatazama juu, na ukiwa chini kila kitu kinaonekana kimeshikana.

Wala si wewe peke yako. Nani alinisimulia ile picha ya Vermeer, mchoraji wa Kiholanzi, iliyoko Dresden, Ujerumani, msichana anasoma barua dirishani? Mwaka 1979 eksirei ikaonyesha kuna Kyupidi, yule mungu-mtoto wa mapenzi mwenye upinde, amefichwa ukutani nyuma yake, na karibu miaka 40 wakubwa zenu wakasema mchoraji mwenyewe ndiye aliyebadili nia akamfuta. Wakausifu ukuta ule mweupe, utulivu wake. Mpaka wahifadhi walipoanza kuisafisha mwaka 2017, wakakuta kati ya yule mtoto na rangi ya ukuta pana vanishi ya zamani na uchafu. Uchafu hautui kwa siku moja. Vermeer alikufa 1675, na rangi ile ilipakwa miaka mingi baada yake, na mkono mwingine. Wakaikwangua kwa kisu chini ya darubini, punje kwa punje, na 2021 picha ikatolewa hadharani na mtoto wake ukutani. Uchafu ndio uliotoa ushahidi! Angepita mtu na kitambaa na dawa kali mapema, mngekuwa mnausifu ukuta hadi leo.

Mimi nami nina masizi yangu, na mjomba wako ana mashine.

Lakini nisijitape. Wekundu ule mimi nauona tu, kuusoma siwezi. Nimekumbuka milango ya Siyu, kule kisiwa cha Pate, uliyonionyesha, yenye nyekundu, nyeusi na nyeupe, lakini nekshi zile ni za kukatakata, na hii ina maua yanayotambaa. Hapo ndipo fundi anapokwama, anamhitaji mtu aliyeona milango mia tatu. Na kuna jambo linaloninyima usingizi hasa: nikiufuata wekundu, naua kijani, na kijani ndicho shahidi wa lini kizingiti kilipandishwa. Kule Dresden walichagua kutoa. Mimi moyo haunipi. Nataka nisafishe juu tu, nipake nta nyembamba, na upande wa ndani nibakize utepe mmoja usioguswa kabisa, tangu juu hadi chini. Hautang'aa kama wa hoteli.

Kwa hiyo nakuomba umpigie mjomba kabla ya Alhamisi. Mimi kwake ni mtoto wa jirani mwenye patasi. Wewe hujashika hata nyundo, lakini uko Ulaya, atakusikia. La tarehe usimguse nalo kwanza, keshawatambia wakwe.

Halafu nijibu haya. Bibi yako bado ana kumbukumbu, na anaweza kujua nani alileta ubao ule na kutoka nyumba ya nani? Picha ulizopiga mwaka ule unazo, hasa za upande wa ndani? Huko chuoni kuna wa kunipimia chembe ya wekundu? Nimeitia kwenye bahasha, Salma anasafiri tarehe ishirini. Na tasnifu yako, imeshachapishwa au bado inarekebishika? Umekasirika?

Fanya upesi. Mashine iko ukumbini kwa mjomba, imefunikwa kanga, naiona kila nikiingia.

Wako,
Fundi