Wito wa Harambee: Chumba cha Hesabu kwa Watoto Walioachwa Njiani

Kwa wazazi, walezi, wanafunzi wa zamani na marafiki wote wa shule yetu,

Tunawaandikia tukiwa na haya, kwa kuwa si zamani tulipobisha hodi kwenu kwa ajili ya madawati, nanyi mkachanga hadi kila mtoto akapata pa kukaa. Sasa wamekaa, lakini wengi wao hawaelewi hesabu zinazofundishwa mbele yao, na hatuwezi tena kulinyamazia jambo hili.

Wanafunzi wa darasa la sita walipewa swali la 52 kutoa 27, na wengi wakaandika 35. Hawakubahatisha. Walipoona 2 haitoshi kutolewa 7, waligeuza wakatoa 2 katika 7, wakapata 5, kisha upande wa makumi wakatoa 2 katika 5, wakapata 3. Mtoto wa namna hii ana akili nzuri na anafuata kanuni aliyojitungia mwenyewe, kwa sababu tangu madarasa ya chini hakuelewa kwamba ile 5 ni makumi matano, na kwamba kumi moja huweza kufunguliwa likawa mamoja kumi. Akifika kwenye hesabu za sehemu, kama nusu na robo, ataamini kuwa robo ni kubwa kuliko theluthi kwa kuwa 4 ni kubwa kuliko 3, na akijumlisha nusu na theluthi atapata 2/5, jibu lililo dogo hata kuliko ile nusu aliyoanza nayo. Kila mada ya hesabu hukaa juu ya nyingine, na mwalimu mwenye darasa lililojaa hana nafasi ya kurudi nyuma na mmoja mmoja.

Hapo ndipo hofu huingia, nayo huvuruga kumbukumbu ileile ambayo mtoto anaihitaji ili ashike tarakimu akilini. Yupo binti anayehesabu kwa vidole akivificha chini ya dawati kwa kuwa alichekwa, ilhali kuhesabu kwa vidole ni hatua halali ya kujifunza. (Tunawasihi wazazi pia waache kusema mbele ya watoto kwamba hesabu haimo katika ukoo wao.)

Masomo ya marudio tunayafanyia stoo ambayo paa lake linavuja. Mvua ikianza, watoto hukumbatia madaftari yao na kusimama ukutani hadi ikatike, na mara nyingi kipindi huwa kimekwisha. Tunaomba mchango wa kuezeka chumba hicho, kununua vijiti vya kuhesabia na vipande vya kufundishia sehemu, na kuwalipa posho walimu wawili ambao hadi leo wanajitolea baada ya saa za kazi.

Wapo walioahidi katika harambee iliyopita na ahadi zao bado zimo katika daftari la mweka hazina. Hatutawataja, ila tunawakumbusha kwa heshima. Kila mchango utapewa stakabadhi, na mapato na matumizi yatasomwa katika kikao cha wazazi na kubandikwa kwenye ubao wa matangazo.

Michango ipokelewe ofisini kwa mwalimu mkuu, mapema iwezekanavyo kabla ya mvua. Mwenyezi Mungu, aliyetukabidhi watoto hawa, awabariki.

Wenu katika malezi,
Kamati ya Wazazi na Walimu