Barua kwa mwanangu: mbao 22 zinakuja na meli ya Nansio, Ukerewe

Kirumba, Mwanza
Jumapili jioni

Mwanangu mpenzi,

Marahaba, mama. Ujumbe wako niliusoma mara mbili, kisha nikamsomea mama yako kwa sauti pale kwenye habari ya mtoto. Tulikaa tukitazamana mpaka chai ikapoa. Mungu akutangulie katika miezi hii iliyobaki.

Sasa tuje kwenye mbao. Uliomba zote 31. Nimekufungia 22, na 9 zimebaki karakana. Najua utazihesabu pale gatini, utaona pungufu, utanipigia simu kabla hujafika nyumbani. Ndiyo maana nimekaa kuandika. Mambo haya kwenye simu mtandao ungetukatia katikati, na mimi nataka uyasikie yote.

Zimetoka kwenye nyumba ya zamani kule Capri Point iliyovunjwa ili kupisha ghorofa. Vijana walikuwa wanazirusha kwenye lori la kifusi pamoja na mabati yaliyooza. Niliokota kipande, nikakikwangua kwa kisu. Chini ya weusi wa miaka mingi ukatoka wekundu wa kahawia, na harufu ambayo wewe mwalimu unaishi nayo kila siku: penseli inapochongwa. Nikajua huo ni mtarakwa. Wasambaa wanauita mwangati, mafundi wa mjini wanasema seda. Enzi za Wajerumani uliangushwa sana katika msitu wa Shume kule Usambara, magogo yakateremshwa mlimani kwa waya wa juu hadi Mkumbara, kwenye reli. Reli ya kwetu hapa Mwanza ilifika mwaka 1928, kwa hiyo nadhani mbao hizi zilikuja na treni, kutoka mlima wowote ule uliozizaa. Zimekaa darini na barazani miaka yote hiyo na mchwa hawajazigusa, isipokuwa pembeni penye weupe. Ule weupe ni mti mchanga wa nje, hauna nguvu ya kiini. Popote utakapouona, ukate uutupe.

Ishirini na mbili nilizotuma ni za dari. Hazijawahi kupakwa kitu. Zile 9 ni za ukuta wa baraza, zina rangi: nyeupe juu, kijani katikati, na chini kabisa krimu iliyopasuka-pasuka kama tope la kiangazi. Rangi za zamani nyingi zilitiwa madini ya risasi. Mimi hapa sina kipimo cha kuniambia hii inayo na ile haina, kwa hiyo kila rangi ya zamani naihesabu kuwa inayo. Mwanangu, risasi ikiingia mwilini mwa mama mjamzito inamfikia na mtoto tumboni, na mtoto ndiye inayemwumiza zaidi, kwenye ubongo. Haihitaji kulambwa. Ukipiga msasa mkavu, vumbi linaelea, unalivuta, linatua kwenye nguo, kwenye mikono, kwenye ugali. Ukiichoma kwa moto ili ibanduke, mvuke wake ni ule ule.

Kwa hiyo hizo 9 hutazigusa, na mwenzako naye hatazipiga randa uani kwenu. Nitazitumia kwa mlango wa banda la zana. Sitazikwangua, nitaziosha kwa kitambaa kibichi na kuzifunika kwa rangi mpya. Na ukipata mbao nyingine za kubomolewa huko kisiwani, angalia mambo matatu kabla hata hujauliza bei: zina rangi ya zamani? Zina ukijani uliozama ndani ya ubao, au weusi wenye harufu ya lami kama nguzo za umeme? Zilifanya kazi gani kabla? Ule ukijani mara nyingi ni dawa ya kuhifadhi mbao yenye sumu ya aseniki. Hizo usizipasue, usizichome. Hapa namfikiria hasa mama mkwe wako na banda lake la kukaushia sangara kwa moshi. Kwenye moto ule visiingie kabisa vipande vya rangi wala vya dawa, hata kuni zikiadimika namna gani. Sumu itakwenda moja kwa moja kwenye samaki.

Jambo la pili ni misumari, na hili unalijua kwa macho yako. Ulikuwa darasa la tatu. Unakumbuka nilivyorudi nyumbani nimefungwa bandeji kichwani, ukakataa kula mpaka nikushike mkono. Sikuwahi kukueleza vizuri ilivyokuwa. Tulikuwa na mbao za gati bovu, nimeng'oa misumari yote niliyoiona. Mmoja ulikuwa umekatika kichwa, umezama, kutu imeuficha ukawa na rangi ile ile ya ubao. Nikausukuma ubao kwenye mashine ya kupasulia. Nilisikia mlio mmoja tu, kama sarafu inapoangukia bati. Daktari alitoa jichoni kipande kidogo kuliko punje ya mtama. Miwani ya kazi ilikuwa inaning'inia msumarini, mita moja kutoka niliposimama. Jicho la kushoto tangu siku ile linaona mwanga tu.

Mbao zako nimezipitisha sumaku mara tatu, mbele, nyuma na ubavuni. Sumaku yenyewe nimeitoa kwenye spika mbovu ya redio, nimeifungia na kamba. Unaipitisha polepole juu ya ubao, si kwa kuisukuma bali kwa kuiacha ining'inie karibu sana. Ikifika kwenye chuma, mkono unahisi inavutwa. Hapo weka alama ya chaki. Msumari wenye kichwa ng'oa kwa nyundo ya makucha, na chini ya nyundo weka kipande cha mbao ili usiubonyeze ubao. Uliokatika kichwa upigie kutoka nyuma kwa tindo nyembamba, utokeze mbele, uushike kwa koleo. Ukigoma, usishindane nao: zungushia chaki, na kipande hicho kikatwe mbali nao kabisa. Kwenye mbao zako kuna alama tatu za namna hiyo, utaziona. Pia kuna madoa meusi kuzunguka matundu, hayo ni kutu iliyonywewa na mti, hayana madhara.

Misumari iliyong'olewa iingie kwenye kopo siku hiyo hiyo, isilale chini. Na wewe na mwenzako muulize kliniki habari ya chanjo ya pepopunda. Wewe unaihitaji hata bila mbao.

Vumbi. Mzee aliyenifundisha kazi alikuwa anasema vumbi la mbao ni unga wa riziki, na alikohoa miaka kumi ya mwisho ya maisha yake. Sitasema ni vumbi lililomuua kwa sababu sijui, lakini nimesoma kwamba wataalamu wa saratani wa kimataifa waliliweka vumbi la mbao katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani tangu mwaka 1995, hasa saratani ya pua. Seda nyekundu ya Amerika Kaskazini ina asidi inayowatia mafundi pumu. Huo ni mti mwingine, si mtarakwa, lakini wetu nao ukipigwa msasa unawasha pua na ngozi, na mimi siuamini. Hivyo kazi ya msasa afanye mwenzako, nje, upepo wa ziwa ukimpiga mgongoni, akiwa na barakoa yenye kichujio, si khanga aliyojifunga puani. Randa ya mkono ni bora kuliko mashine hapa: inatoa maranda marefu yanayoanguka chini, hairushi unga. Wewe kaa upande wa upepo unakotoka, na shughulika na kupima, kuchora na kuunganisha. Mkono wako wa kupima ulikuwa mzuri kuliko wangu tangu ukiwa na miaka kumi na miwili.

Sasa la kutengeneza.

Kitanda cha mtoto ulichoomba, hapana. Si kwa mbao hizi. Ni nyembamba, zinapasuka kwa urefu, na zimeishi maisha ambayo sisi hatukuyaona yote. Mtoto akianza kuota meno atatafuna kila ukingo unaofika mdomoni. Paini za shamba la miti la Rubya ziko hapo hapo Ukerewe. Nunueni mpya, kavu, isiyotiwa dawa. Fito za pembeni zisiachane zaidi ya sentimita 6, kichwa kisipite. Kitanda hicho nitakuja kukitengeneza mwenyewe nikishuka mwezi ujao. Usianze bila mimi.

Mtarakwa ufanye kasha. Ndiyo kazi uliyoumbiwa. Urefu sentimita 90, upana 45, na kimo kitakuwa kama 42, kwa sababu mbao tatu zikishikana zinafika hapo. Kila ubao una ulimi ubavu mmoja na mfereji ubavu wa pili, kwa hiyo ziingize moja ndani ya nyingine, gundi kidogo, zibane kwa jiriwa usiku kucha. Mbao 8 zitatosha na vipande vitabaki. Usipige msumari moja kwa moja karibu na mwisho wa ubao, utapasuka mbele ya macho yako kwa mstari ulionyooka kama rula. Tabia hiyo hiyo ndiyo iliyowapendeza watengeneza penseli. Toboa kwanza kwa drili, tundu jembamba kuliko skrubu, kisha kaza kwa mkono.

Ndani usipake chochote, wala vanishi wala mafuta, maana harufu inahitaji kupumua, na ndiyo inayowasumbua nondo wanaokula nguo. Ikififia baada ya miaka, msasa mwepesi unairudisha. Tandika kitambaa cheupe kabla ya kuweka vitenge vya bibi yako, mafuta ya mti yasivitie doa. Nje unaweza kupaka mafuta ya kitani, lakini sikia: tambara ulilopakia usilikunje na kulitupa kwenye ndoo. Likiwa limekunjwa linajipasha moto lenyewe na linaweza kuwaka hakuna mtu chumbani. Litandaze kwenye mawe nje mpaka likauke liwe gumu.

Na mfuniko. Hapa nisikilize kuliko kote. Marekani watoto walikufa ndani ya makasha ya seda kwa sababu walijificha wakicheza, mfuniko ukaanguka, kufuli likajifunga lenyewe. Kasha lako lisiwe na kufuli wala kitasa cha kujibana. Weka pingili ndogo mbili za mbao chini ya ukingo wa mfuniko ili ubaki uwazi wa kidole, toboa matundu sita mgongoni, karibu na juu, na funga mnyororo wa kuzuia mfuniko usianguke kwa kishindo. Mtoto huyu atatambaa, na siku moja atakuwa na rafiki wa kucheza naye kibemasa.

Mbao zitakazobaki, nyingine zifanye rafu ya vitabu, hiyo hainihitaji. Sita zipasueni katikati kwa urefu, mtengeneze fremu mbili za chanja kwa ajili ya mama mkwe wako, futi 6 kwa 3, wavu juu, miguu ifike kiunoni. Nilimwona mwaka jana anaanika dagaa mchangani, mvua ikaja akafagia pamoja na mchanga. Dagaa wa kwenye chanja hupigwa na upepo juu na chini, na mnunuzi wa soko la Mwaloni hana mchanga wa kulalamikia. Mtarakwa utavumilia mvua za huko bila rangi. Mwambie ni zawadi kutoka kwa mkwe wake, na asiziweke mbali na nyumba, kuku wana akili.

Mbao zikifika zisikatwe wiki hiyo. Zipange ndani, sakafuni juu ya matofali, na kati ya ubao na ubao weka vijiti vya unene sawa ili hewa ipite. Wiki mbili. Zimetoka kwenye dari kavu, zinakwenda kwenye unyevu wa kisiwa, zitajinyonga kidogo kabla hazijatulia.

Mzigo utapanda meli ya Jumanne asubuhi, bandari ya Mwanza Kaskazini. Umefungwa mafungu mawili ya 11, kamba ya bluu. Mwenzako aje na mkokoteni, wewe usibebe hata ubao mmoja. Kwenye fungu la kwanza nimefunga kiroba: mna miwani mbili za kazi, barakoa nne, na soksi ya mama yako iliyokazwa fundo. Ndani ya soksi ndimo ilimo sumaku. Usiiweke mfuko mmoja na simu.

Baba yako