Serikali ya Nusu kwa Nusu

Shoga yangu mpenzi,

Salamu nyingi, na baada ya salamu, sisi huku Göteborg hatujambo, baridi tu ndiyo inayotuandama. Barua yako nimeipata. Umeniuliza mbona kila nikiisifu Uswidi ya zamani namtaja waziri mkuu Olof Palme peke yake, kana kwamba alitawala bila mawaziri. Haki yako kuuliza. Nami nitakujibu kwa kirefu, maana baraza lake la 1973 hadi 1976 ndilo ninalolipenda kuliko mabaraza yote ya nchi hii, na mapenzi yangu hayatokani na Palme pekee.

Mwaka 1973 ulikuja na mambo yake. Mwezi wa nane jambazi aliingia benki pale Norrmalmstorg, Stockholm, akashika mateka siku sita, huku Palme na waziri wa sheria Lennart Geijer wakihangaika na simu na polisi. Tarehe 11 Septemba Rais Allende akapinduliwa kule Chile. Tarehe 15 mfalme Gustaf VI Adolf akafariki. Kesho yake tu, watu wakaenda kupiga kura.

Na matokeo yake, shoga, sikuyaamini mara ya kwanza niliposimuliwa. Chama cha Palme kilipata viti 156, wakomunisti 19: jumla 175. Upande wa pili, wa wapinzani, chama cha Center 90, Moderaterna 51, Folkpartiet 34: jumla 175. Bunge zima lilikuwa na viti 350. Hakuna aliyeshinda.

Sheria ya bunge ilisema kura zikilingana, inapigwa kura ya bahati. Spika alikuwa Henry Allard. Kinaletwa chombo chenye karatasi mbili, moja ya ndiyo na moja ya hapana, mkono unaingia, inatoka moja, basi limepita au limeanguka. Hayo yalifanyika mbele ya watu wazima wenye shahada zao, tena katika jengo la muda pale Sergels torg, kwa sababu bunge la zamani lilikuwa limefungwa kwa matengenezo. Wananchi wakaliita Bunge la Bahati Nasibu. Wengine waliona aibu. Mimi sioni aibu hata kidogo. Naona watu waliokubaliana kwamba karatasi ikishatoka, imetoka, na hakuna atakayemwaga damu wala kuchoma tairi barabarani.

Lakini nchi haiendeshwi kwa kudura. Hapo ndipo mawaziri walipoonyesha kazi yao. Gunnar Sträng, waziri wa fedha, alikuwa kibarua wa mashambani ujanani mwake, akapanda kupitia chama cha wafanyakazi, na wizara ile alikuwa ameishika tangu 1955. Mtu wa namna hiyo hakuzoea kubembeleza wapinzani. Akabembeleza. Bei ya mafuta ilikuwa imepanda dunia nzima, Januari 1974 petroli ilitolewa kwa mgao hata huku, na bila msaada wa upande wa pili mipango ya kodi ingebaki kuning'inia. Mei mwaka huo wakakaa katika kasri la Haga na chama cha Folkpartiet cha Gunnar Helén. Wakatoka na makubaliano: kodi ya mapato ipungue, waajiri wachangie zaidi, na umri wa kustaafu ushuke kutoka miaka 67 hadi 65. Wazee waliopumzika miaka iliyofuata wakiwa na nguvu zao kidogo walikula matunda ya kikao kile.

Mwaka huohuo wa 1974 ndipo baba wa mtoto alipopata haki ya likizo ya malezi sawa na mama. Nilipojifungua, mume wangu alikaa nyumbani na mtoto mimi nikarudi kazini, wala hakuna aliyemshangaa.

Sasa nikwambie kuhusu Anna-Greta Leijon, maana huyu ndiye hasa niliyetaka umjue. Aliingia barazani akiwa na miaka 34, akapewa mambo ya wahamiaji. Tarehe 24 Aprili 1975 kundi la Wajerumani wenye silaha liliuteka ubalozi wa Ujerumani Magharibi mjini Stockholm, likitaka wafungwa 26 waachiliwe kule kwao. Bonn, yaani serikali ya Ujerumani Magharibi, ikakataa. Wanadiplomasia wawili wakauawa, na kabla ya saa sita za usiku baruti ikalipuka, jengo likawaka moto. Serikali ikaamua watekaji warudishwe Ujerumani haraka, na sahihi iliyowafukuza ilikuwa ya Leijon. Miaka miwili baadaye, serikali yao ikiwa imeshaondoka madarakani, polisi waligundua kuna watu waliopanga kumteka yeye kulipiza kisasi. Walikwisha hata kutengeneza sanduku la kumfungia. Kila nikifikiria sanduku lile nasisimka mwili. Mwanamke amefanya kazi yake ya ofisini, ametia sahihi, na mtu mahali fulani anapiga misumari mbao za kumtia ndani.

Usidhani nawatakasa. Mei 1973 waandishi Jan Guillou na Peter Bratt walifichua idara ya siri ya upelelezi, IB, iliyokuwa ikiwaandikia wananchi majina yao kwa sababu ya siasa. Waziri wa ulinzi wakati ule, Sven Andersson, alikanusha. Januari 1974 waandishi wakahukumiwa kifungo cha mwaka mmoja kila mmoja, na Andersson alikuwa ameshahamishiwa wizara ya mambo ya nje. Hilo siwasamehe mpaka leo.

Na lipo linalokugusa wewe moja kwa moja. Waziri aliyesimamia misaada ya nje alikuwa Gertrud Sigurdsen. Ni miaka hiyohiyo bwawa la Kidatu lilipoanza kutoa umeme, Uswidi ikiwa miongoni mwa waliochangia fedha, na 1975 ndipo vilipoanza vyuo vya maendeleo ya wananchi, kwa mfano Mwalimu Nyerere aliouona huku. Chuo alikojifunzia mama yako ushonaji ni kimojawapo. Fedha zile zilipita katika bunge la 175 kwa 175.

Septemba 1976 walishindwa uchaguzi. Thorbjörn Fälldin wa Center, aliyepinga umeme wa nyuklia, akawa waziri mkuu, na bunge jipya lilikuwa limeshapunguzwa kiti kimoja, likawa na 349, ili mkasa ule usijirudie.

Niandikie kama mama bado ana cherehani yake, na nambari ya sindano anazotumia. Kuna mtu anakuja Tanga mwezi ujao, nitampa pakiti. Wasalimie wote nyumbani.

Ni mimi shoga yako