Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2025

Wanachama wenzangu wa chama chetu cha kusaidiana, hamjambo.

Hesabu atazisoma mweka hazina baada yangu, nami sitamwibia kazi yake. Ninachotaka kuwaeleza ni jambo ambalo vitabu vyake havionyeshi: wenzetu waliotuacha mwaka huu bila kuaga.

Mnakijua kifungu cha faini katika katiba yetu. Ukichelewesha mchango unatozwa, ukipitisha miezi mitatu jina lako linafutwa. Tulipokiandika tulikuwa tukiwafikiria watoro, na aliyekitetea kwa sauti kubwa kuliko wote ni mimi. Sasa kilimnasa nani? Kilimnasa mwenzetu aliyekuwa akirauka gizani kutoka hapa mtaani kwetu Mukuru kwa Njenga, Nairobi, kwenda kusimama kwenye mageti ya viwanda vya Industrial Area, akirudi siku baada ya siku bila kuitwa kibarua. Mchango wa kwanza ulipompita tukamwandikia faini. Wa pili, faini ikazaa. Akaanza kupitia nyuma ya vibanda ili asikutane na katibu. Habari zake tulizisikia mwenye nyumba alipokwisha kutia kufuli mlangoni, vyombo vyote vikiwa ndani. Chama kilichoundwa kwa ajili ya siku kama hiyo kilikuwa kimeshamfuta.

Tulikwenda kumwona, mimi na katibu. Hakutulaumu. Alisema tu kwamba aliona haya kuomba mahali anapodaiwa. Ameniruhusu niyaseme haya, mradi nisimtaje.

Kwenye matanga hatujambo. Akifa mtu leo, kabla ya jioni karatasi ya mchango imezunguka ploti zote na pesa zinaingia kwa M-Pesa. Nimejiuliza sana kwa nini mkono wetu ni mwepesi hivyo kwa marehemu, ukawa mzito kwa aliye hai na kodi imemshinda. Labda ni kwa sababu maiti hashukiwi uvivu.

Kuna lililofaulu. Bima ya afya ya serikali, SHA, kiwango chake cha chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi, ila kwa kawaida asiye na mshahara hutakiwa kutoa ya mwaka mzima kwa mpigo, yaani 3,600. Mama mboga anaweza kuipata hiyo 300. Kuziona 3,600 mkononi siku moja ndiko kunakomshinda. Kwa hiyo chama kilitangulia kulipa, na waliolipiwa wakarudisha kidogo kidogo kila wiki, bila riba wala faini. Aliyechelewa alipigiwa simu na kuulizwa hali. Nasisitiza: kuulizwa hali.

Vijana wetu nao wamekuwa wakiwasindikiza wazee waliotimiza miaka 70 kwenda kwa chifu na vitambulisho vyao, waandikishwe kwa zile shilingi 2,000 za mwezi za Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwasaidia wazee. Kuna waliolalamika kuwa hiyo ni kazi ya serikali. Ni kweli kabisa. Kifungu cha 43 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa kila mtu haki ya chakula, makao, maji safi na matibabu, na ndiyo maana tunawasindikiza wakadai chao, badala ya kuwapa pakiti ya unga tukanyamaza.

Unga bado tunatoa, msihofu. Ila picha za watu wakipokea tumeacha kupiga. Anayetaka picha na aupige unga wenyewe.

Sasa hoja yangu. Naomba mkutano huu uondoe kifungu cha faini, na mahali pake tuandike kwamba mwanachama akikosa michango miwili, wenzake wawili wamtembelee nyumbani kabla kalamu haijagusa daftari. Najua mtaniambia wajanja watatumia nafasi hiyo. Watatumia. Hata sasa wapo, na faini haikuwazuia, kwa sababu wao ndio wenye pesa ya kuilipa.

La mwisho ni ungamo. Jina la mwenzetu yule nimelirudisha daftarini, na faini zake nimezipiga mstari, bila kungoja ruhusa yenu. Katibu alinionya kwamba navunja katiba. Mkiona ni kosa, nitozeni faini leo hii, kabla hatujakipigia kura kifungu chenyewe.