Barua kutoka Glasgow: hela ya mipira ya Mama ilikuwa inaishia kwenye maji ya nyuzi 55

Glasgow, Scotland, Jumapili, 16 Februari 2025

Mpendwa Kaka,

Mbukwenyi wote hapo nyumbani! Shikamoo Kaka, na unifikishie shikamoo yangu kwa Mama. Wifi hajambo? Watoto wanaendeleaje na shule? Sisi hatujambo. Kile kifua kilichonisumbua Desemba kimepona, na kazini kwa wazee naendelea vizuri ingawa zamu za usiku ni nyingi. Wapwa zako wanakusalimu. Mdogo bado anauliza kila wiki kama mibuyu ya kule kwa Bibi imeshatoa majani.

Barua hii nimekaa nayo siku tatu kwa sababu ina deni ndani yake. Novemba nilimwahidi Mama hela ya mipira ya kumwagilia kwa matone kwa ajili ya lile shamba la zabibu la Hombolo. Desemba sikutuma. Januari sikutuma. Kila mlipouliza nilijibu "mambo yamebana" nikaishia hapo, na najua Mama alinyamaza kwa upole wake tu. Leo nakueleza hela ilikokuwa inakwenda. Tundu lenyewe nimeliona na nimeliziba, na aliyenisaidia kuliziba ni wewe, bila mwenyewe kujua.

Ilikuwa inakwenda kwenye umeme. Bili iliyokuja katikati ya Januari ilikuwa pauni 328. Hiyo ni zaidi ya shilingi milioni moja kwa mwezi mmoja, Kaka, kwa nyumba ya vyumba vitatu! Uniti moja hapa ni kama peni 25, karibu shilingi 800 za kwetu, na bei inabadilishwa kila miezi mitatu. Mimi nilikuwa natumia uniti 40 kwa siku. Nilipoifungua ile bili nilikaa kwenye ngazi na koti langu la kazini, nikashindwa hata kuvua viatu.

Nyumba tuliyohamia Oktoba haina gesi. Inapashwa joto na mashine wanayoiita pampu ya joto. Ukiiona utaitambua mara moja: boksi kubwa nje, nyuma ya jiko, lina feni, halitofautiani na lile la nje la viyoyozi unavyofunga kule Mtumba. Linapasha maji, maji yanazunguka kwenye radieta za kila chumba, yale mabamba ya chuma ya ukutani yanayotoa joto, na mengine yanakwenda kwenye tangi la kuogea. Fundi aliyekuja kutukabidhi alikaa dakika ishirini, akabonyeza bonyeza, akaniambia nisiguse kitu, akaondoka.

Nami sikugusa, ila kuwasha na kuzima. Si unajua tulivyolelewa? Mama alikuwa hawezi kuona taa inawaka chumba kisicho na mtu. LUKU ikisoma uniti mbili nyumba nzima inakaa gizani tukisubiri kesho. Nikaja na malezi hayohayo huku. Nikienda kazini nazima mashine. Nikirudi nyumba imekuwa kaburi, watoto wanatoka shuleni wanatetemeka, nawasha na kuipandisha hadi mwisho. Chumba kisicholaliwa nikafunga koki ya radieta yake. Nikajiona mwangalifu sana. Na kadiri nilivyobana ndivyo bili ilivyopanda, nikaanza kuamini kwamba mita ya nyumba hii ni mbovu.

Siku niliyofunguka macho nilikuwa natoka zamu ya usiku. Saa moja na nusu asubuhi na bado giza, maana Januari huku jua halichomozi kabla ya saa mbili. Nilipitia mlango wa nyuma. Lile boksi lilikuwa limeganda barafu nyeupe mgongoni, kama friji kuukuu lisiloyeyushwa mwaka mzima. Mara feni ikasimama, mashine ikaguna, na wingu jeupe likafuka kutoka ndani. Nilikimbia kwenda kuzima swichi kuu nikidhani inaungua. Mzee jirani yangu, aliyekuwa akitoa takataka, akaniita: tulia, huo ni mvuke, inayeyusha barafu yake yenyewe. Nikasimama pale. Barafu ikadondoka vipande vipande, maji yakatiririka chini, feni ikaanza tena kuzunguka. Nikashika bomba moja, la baridi. Nikashika la pili, la moto.

Hapo ndipo nilipokukumbuka, Kaka. Nilikuwa kidato cha pili, nakuletea chakula pale kibandani kwako Majengo. Ulinishika mkono ukauweka nyuma ya friji la mteja, kwenye zile nyaya nyeusi, nikauvuta kwa joto. Ukaniambia: "Friji haitengenezi baridi. Inalitoa joto lililo ndani na kulitupa huku nyuma. Kompresa kazi yake ni kubeba." Kumbe mashine yangu ni friji hilohilo, ila ndani yake ni Glasgow yote, na mgongo wake ni sebule yangu.

Gesi yake ni R290, propani tu, inayochemka nyuzi 42 chini ya sifuri. Kwa gesi kama hiyo, hewa ya nyuzi 2 ambayo sisi tunavaa kofia na glavu kuikabili ni moto wa kutosha kuichemsha. Ikishachemka, kompresa inaikandamiza, joto linapanda, na joto hilo ndilo linalopewa maji. Unajua, aliyefikiria kwanza kutumia mashine ya namna hii kupasha joto majengo alikuwa profesa wa hapahapa Glasgow, William Thomson, yule waliyekuja kumwita Lord Kelvin. Aliliandika jambo hilo mwaka 1852. Sanamu yake iko kwenye bustani ya Kelvingrove, napita pale nikienda kliniki.

Sasa sikiliza kilichokuwa kinanimaliza. Yule fundi aliiacha mashine ipashe maji hadi nyuzi 55 muda wote, baridi iwe kali au iwe ya kawaida. Fikiria kompresa kama mtu anayepandisha maji kwenye tangi: kuyafikisha tangi la futi kumi si sawa na kuyafikisha la futi thelathini. Kutoka hewa ya nyuzi 2 hadi maji ya nyuzi 55 ni kilima kirefu, na mashine yangu ilikuwa inakipanda kila nilipoiwasha. Ukiyaweka maji chini ya nyuzi 40, uniti moja ya umeme inakuletea joto la uniti tatu hivi au zaidi. Ukiyapandisha hadi 55 unapata mbili na kidogo. Kwa makadirio, kila nyuzi moja unayoishusha inaokoa kama asilimia mbili hadi tatu ya umeme wake. Na ile tabia yangu ya kuzima na kuwasha ilikuwa na adhabu yake: nyumba ikishapoa sana mashine inaona imezidiwa, inaiita koili ya akiba, ambayo ni hita ya kawaida kabisa. Hiyo ukiipa uniti moja inakupa joto la uniti moja, basi.

Nilimwomba mwenye nyumba ruhusa, nikasoma kijitabu chake kurasa zote na kamusi mkononi. Kwenye kioo cha mashine kuna mchoro wa mstari ambao fundi alikuwa ameuzima. Unauambia: nje kukiwa nyuzi 5 chini ya sifuri, maji yawe nyuzi ngapi, nje kukiwa nyuzi 15, yawe ngapi. Mashine ina kipimo chake nje, inasoma hali ya hewa, inapanda na kushuka yenyewe kwa kuufuata mstari. Nikauwasha. Nikafungua koki zote za radieta, hata za chumba kisicholaliwa, kwa sababu nilipozifunga maji ya kuzunguka yalikuwa machache mno, mashine inawaka dakika sita inazima, inawaka inazima, kama pikipiki inayopigwa kiki kila baada ya hatua mbili. Kisha nikaacha kuzima. Hilo ndilo lililoniumiza roho kuliko yote. Siku ya kwanza nilitoka kwenda kazini nimeiacha inaunguruma, nikarudi mlangoni mara mbili.

Halafu nikaanza kushusha, nyuzi mbili, nangoja siku mbili. Nyumba haibadiliki upesi, ukishusha leo jibu unalipata kesho kutwa, kwa hiyo haraka haifai. Niliweka vipimajoto vitatu vya bei ndogo, sebuleni, chumbani kwangu na kwa watoto, na daftari la shule juu ya friji. Mkubwa ndiye aliyekuwa mwandishi: asubuhi na jioni anaandika nje ngapi, ndani ngapi, mita inasomaje. Tulishuka hadi chumba chao kikafika nyuzi 18 na mdogo akaanza kulala na soksi. Hapo nikarudi juu kidogo. Sasa nje kukiwa nyuzi 2 maji yanatoka na 38, na nyumba nzima inakaa kwenye 20, usiku na mchana, bila kupanda wala kushuka.

Ukizishika radieta sasa unaweza kudhani hazifanyi kazi. Ni vuguvugu tu, kama ukuta wa tembe la Bibi, ile nyumba yake ya udongo, jioni. Nimemkumbuka sana Bibi mwezi huu. Unakumbuka alivyokuwa hazimi moto? Anafukia makaa kwenye majivu, usiku kucha yanapumua, alfajiri anapuliza mara moja na uji unateleka. Ule moto haukuwa mkali hata siku moja, na tembe lile halikuwahi kutupiga baridi, hata Julai upepo wa Dodoma ulipokuwa unavuma kama unatudai.

Maji ya kuoga nayo yalikuwa 60, nimeyashusha hadi 48. Hapa nilikwenda kwa tahadhari. Maji ya vuguvugu yaliyotulia tangini yanaweza kuota bakteria wa lejionela wanaoshambulia mapafu, na kwa wazee kazini tunafundishwa jambo hilo kila mwaka. Kwa hiyo nimeiacha ile ratiba ya kuyapandisha hadi 60 mara moja kwa wiki, Jumapili usiku. Hiyo siiondoi hata umeme upande vipi.

Tangu Februari ianze nimekuwa nikitumia uniti 26 kwa siku, na nimelinganisha na siku za Januari zenye baridi ileile ili nisijidanganye. Ni kama pauni 100 kwa mwezi zimebaki mkononi. Zaidi ya laki tatu, Kaka. Nilipopiga hesabu hiyo mara ya kwanza nililia, nikifikiria Mama anabeba ndoo kwenye mistari ile ya zabibu wakati laki tatu zake zinaishia kwenye maji ya nyuzi 55.

Na wewe nina neno kwako, ingawa ni kama kumfundisha samaki kuogelea. Viyoyozi vya wateja wako ni mashine hii hii, ila vinabeba joto kutoka ndani kwenda nje. Kilima ni kilekile. Oktoba na Novemba, jua likiwa limeiva, mtu anabonyeza 18 akidhani chumba kitapoa upesi. Hakipoi upesi hata kidogo, kompresa inaendelea tu kupanda kilima isichokifikia. Waambie waweke 25 au 26, wafunge milango, na wasafishe vichujio, maana vumbi letu unalijua. Na friji la dukani kwa Wifi, mara ya mwisho nilipokuja lilikuwa limebanwa ukutani na maboksi ya soda yamepangwa pembeni. Lisogezwe, mgongo wake upumue. Kisha bana karatasi kwenye mlango na uivute: ikitoka bila kukazana, raba imechoka, ibadilishe. Hilo ulinifundisha wewe, nakurudishia.

Nimetuma laki nne jana, kwa namba yako, kwa sababu simu ya Mama inamsumbua kusoma meseji. Mkabidhi mwenyewe mkononi, umsomee barua hii, hata yale maneno ya mwanzo kuhusu Desemba na Januari, usiyaruke. Nyingine naleta mwisho wa Machi. Nataka mipira iwe imeshalazwa kabla ya Mei, mvua zikiwa zimekatika na udongo haujawa mgumu.

Ila fundi wa mipira asikukadirie kwa macho. Nenda Hombolo Jumamosi na utepe, pima kila mstari urefu wake, hesabu mistari, na pima kutoka kisimani hadi mstari wa kwanza. Niandikie mita zote, na kina cha maji kisimani kilivyo sasa.

Mdogo wako