Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: Turuhusu katuni kwenye chumba cha sindano

Mheshimiwa Waziri,

Salamu kutoka Bombo, hapa kwetu Uganda. Binti yangu ana selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Ana miaka sita, na ameshachomwa sindano nyingi kuliko mimi na mama yake tukijumlishwa. Sikuandikii kulalamikia dawa. Nakuandikia kuhusu kibandiko kilicho ukutani katika hospitali tunayotibiwa: "Simu marufuku."

Mtoto akiuona tu ule mpira wa kufungia mkono, kilio kinaanza. Sista anamwambia haiumi, ni kama kuumwa na mbu. (Mtoto wa Bombo, Mheshimiwa, mbu anawajua.) Tunaitwa watu wazima wanne: mmoja miguu, mmoja kichwa, wawili mikono. Mishipa ya mtoto mwenye hofu hunywea, na kama amepungukiwa maji, ilikuwa imejificha tangu asubuhi. Mwezi Machi zilitupwa kanula tatu, vile vimrija vya kupitishia dawa mshipani; ya nne ndiyo ikaingia. Usiku ule aliniambia, "Baba, na wewe ulinishika."

Safari iliyofuata tulimkuta mwanafunzi wa uuguzi. Huyu hakumdanganya. "Itauma kidogo, halafu itaisha," alimwambia, kisha akaniomba simu. Nikampakata binti yangu, mgongo wake kifuani kwangu. Mkono wa kulia tukaupitisha chini ya kwapa langu asiuone, wa kushoto ukabaki ukipasua mapovu kwenye skrini. Alishtuka mara moja, akarudi kwenye mapovu yake. Plasta ilipokwisha kubandikwa akauliza, "Bado?" Kanula moja tu. Ndipo msimamizi wa zamu akaingia, akatuonyesha kibandiko.

Huu si uchawi. Akili iliyoshughulishwa na mchezo haibakizi nafasi kubwa ya kusikiliza maumivu. Kule Seattle, Marekani, watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington waliwavisha wagonjwa walioungua moto miwani ya kompyuta inayowaingiza katika dunia ya theluji huku vidonda vikisafishwa, na wagonjwa wakasema maumivu yamepungua. Ziko pia taa za kutafutia mshipa: mwanga wake, usioonekana kwa macho, hunyonywa na damu, na mshipa ukajichora mweusi juu ya ngozi. Taa zikija, tutashukuru. Miwani siiombi. Ni ghali, na mkanda unaotoka kichwa hiki kwenda kichwa kile unataka mtu wa kuusafisha kila mara, ambaye wodini hayupo.

Naomba waraka mmoja kutoka wizarani unaoruhusu mzazi ampakate mtoto na kumwonyesha katuni wakati wa sindano. Wanaohofia wagonjwa kupigwa picha wana haki. Basi kuwe na tabuleti ya chumba, kamera yake imezibwa, jalada lake linapanguswa kwa spiriti. Katuni ziwe zimepakiwa ndani kabisa, zisitegemee bando, na chaji ya sola iwepo kwa siku za giza. Sauti ziwe za Kiluganda, Kiacholi, Kilugbara na Kiswahili pia. Baraza la Mawaziri lilikikubali kuwa lugha rasmi mwaka 2022. Sisi bado tunakingoja kifike hospitalini.

Wala katuni isifanywe kisingizio cha kumnyima mtoto dawa ya maumivu. Uganda hii hii ndiyo iliyowaruhusu wauguzi waliosomea kazi hiyo kuwaandikia wagonjwa mofini, dawa kali ya maumivu, mwaka 2004, wakati nchi nyingine hata daktari aliiogopa. Sidhani kama tutashindwa na mapovu ya kwenye simu.

Kliniki yetu ni Jumanne ya pili ya mwezi. Simu nitaichaji tangu Jumatatu usiku. Nikiambiwa niizime, nitaizima, na tutaitana tena wanne.

Wako mtiifu,
Mzazi, Bombo